Ukarabati au Uundaji Upya? Mipaka ya Hataza katika Turubai la Gari na Katriji ya Wino

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mpaka uliopo kati ya haki ya mwenye hataza na haki ya mtu aliyenunua kihalali kifaa kinacholindwa na hataza hiyo. Mpaka huo unachunguzwa kupitia uvumbuzi wa kimakanika wa aina mbili: paa la turubai la gari, lililozua mashauri ya mwaka 1961 na 1964 nchini Marekani, na katriji ya wino ya printa, iliyozua mashauri nchini Marekani na Japani kati ya mwaka 1997 na 2017. Hoja kuu ni kwamba swali la iwapo fundi amekarabati kifaa au ameunda kipya halijibiwi kwa kutazama kazi ya mikono yake pekee. Jibu hutegemea maneno ya madai ya hataza, uhalali wa mauzo ya kwanza, na kipimo ambacho mahakama ya nchi husika imekichagua. Makala yanahitimisha kwa kuonesha umuhimu wa swali hilo kwa Afrika Mashariki, ambako magari yaliyotumika na katriji za kujazwa upya ni sehemu ya uchumi wa kila siku.

1.0 Utangulizi

Kifaa cha kimakanika hakichakai chote kwa siku moja. Turubai la gari huchanika ilhali fremu ya chuma inayolibeba ingali imara. Wino huisha ilhali tangi lililouhifadhi halina hata ufa. Mwenye kifaa hufanya linalofanywa na kila mwenye mali: hubadilisha kilichokwisha na kubakiza kizima. Ikiwa kifaa hicho kinalindwa na hataza, kitendo hicho cha kawaida huzua swali gumu la kisheria. Je, aliyebadilisha sehemu amekarabati mali yake, au ametengeneza upya uvumbuzi wa mtu mwingine bila idhini?

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia, kuuza au kuingiza nchini uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu unataka muda huo usipungue miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa. Kwa upande wake, mvumbuzi hutakiwa kuuweka uvumbuzi wazi katika maandishi ili watu wengine wajifunze kwao na wautumie kwa uhuru muda wa ulinzi unapokwisha.

Pande zote mbili za mvutano huu zina la kupoteza. Ukarabati ukipanuliwa kupita kiasi, mvumbuzi huuza kifaa kimoja na wengine wakaendelea kuunda vingine kutokana na mabaki yake. Uundaji upya nao ukipanuliwa kupita kiasi, mnunuzi hulipa bei kamili ya kitu ambacho hawezi kukitengeneza kinapoharibika, na fundi hugeuka mkiukaji wa sheria kwa kufanya kazi yake ya siku zote.

2.0 Madai ya hataza na ukomo wa haki

Ili kuuelewa mvutano huu, ni lazima kwanza dhana mbili ziwekwe bayana. Dhana ya kwanza ni madai ya hataza. Hati ya hataza huwa na maelezo, michoro na madai. Maelezo na michoro hueleza jinsi kifaa kinavyofanya kazi, lakini mpaka wa haki huwekwa na madai. Uvumbuzi mwingi wa kimakanika ni wa muunganiko: kila sehemu yake ni ya zamani na inajulikana, ila namna zilivyounganishwa ni mpya. Katika hataza ya aina hiyo, kinacholindwa ni muunganiko mzima. Mtu anayetengeneza sehemu moja tu hajatengeneza uvumbuzi wenyewe.

Dhana ya pili ni ukomo wa haki. Mwenye hataza akiuza kifaa, au akiruhusu kiuzwe, haki yake ya hataza juu ya kifaa hichohicho hukoma. Mnunuzi huwa huru kukitumia, kukikarabati na kukiuza tena. Hata hivyo, kilichokoma ni haki juu ya kifaa kilichouzwa. Haki ya kumzuia mnunuzi asitengeneze kifaa cha pili inabaki palepale. Kwa hiyo ukarabati uko ndani ya uhuru wa mnunuzi, na uundaji upya uko nje yake.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilianza kuuchora mpaka huu katika karne ya 19. Mwaka 1850, katika shauri la Wilson dhidi ya Simpson, ilikabiliwa na mashine ya kuranda mbao ambayo visu vyake vilichakaa na kubadilishwa kila baada ya siku 60 hadi 90, ilhali mashine yenyewe ilidumu kwa miaka kadhaa. Mahakama iliamua kwamba mnunuzi ana haki ya kubadilisha visu hivyo. Mwaka 1882 ilitoa uamuzi wa upande wa pili kuhusu mikanda ya chuma ya kufungia marobota ya pamba. Mikanda hiyo ilikatwa marobota yalipofunguliwa. Wafanyabiashara wakanunua vipande, wakaviunga na kuviuza tena pamoja na bizimu zake kama vifungio kamili. Hapo mahakama ilisema kwamba kilichofanyika ni kuunda upya, kwa kuwa kifungio kilichokatwa kilikuwa kimemaliza kazi yake kama kifungio.

3.0 Turubai la gari: shauri la Aro

Katikati ya karne ya 20, magari yenye paa la kukunjwa yalikuwa na tatizo moja la bodi: mvua ilipenya mahali turubai lilipokutana na ubavu wa gari upande wa nyuma. Hataza iliyokuwa kiini cha shauri la Aro ilitatua tatizo hilo kwa kuunganisha mambo matatu: turubai linalokunjika, fremu ya kulibeba, na utaratibu wa kulibana turubai dhidi ya bodi paa linapoinuliwa ili maji yasipite. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo iliyokuwa na hataza ya peke yake.

Fremu na kibanio vilidumu maisha yote ya gari. Turubai lilichakaa baada ya takribani miaka mitatu. Kampuni ya Aro Manufacturing ilitengeneza maturubai yaliyokatwa tayari kwa vipimo vya magari mbalimbali na kuyauza kama vipuri. Kampuni ya Convertible Top Replacement, iliyokuwa na haki za hataza hiyo katika eneo lake, ilifungua shauri ikidai kwamba mwenye gari anayebadilisha turubai anaunda upya muunganiko wenye hataza, na kwamba Aro inachangia ukiukaji huo kwa kumuuzia turubai.

Mahakama za chini zilikubaliana na madai hayo. Zilizingatia kwamba turubai si kitu kidogo: lina gharama, hudumu kwa miaka, na bila lenyewe paa halipo. Februari 1961 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Kwa mujibu wa Jaji Whittaker, aliyeandika uamuzi wa wengi, hataza ya muunganiko haina sehemu moja inayoweza kuitwa moyo wa uvumbuzi na kupewa ulinzi wa pekee. Sehemu isiyo na hataza haipati hataza kwa sababu tu ni muhimu, ni ghali au ni ngumu kuibadilisha. Uundaji upya hutokea pale tu kifaa kizima kinapokuwa kimekwisha na mtu akakitengeneza kipya. Kubadilisha sehemu mojamoja, iwe mara moja au mara nyingi, ni ukarabati.

Uamuzi huo haukupita bila upinzani. Jaji Brennan alikubaliana na matokeo lakini alitaka mahakama izingatie mambo kadhaa kwa pamoja, yakiwamo muda wa maisha ya sehemu iliyobadilishwa na umuhimu wake katika uvumbuzi. Jaji Harlan na wenzake wawili walipinga. Tofauti hiyo ina uzito, kwani njia aliyoipendekeza Brennan inafanana na ile iliyofuatwa na Japani zaidi ya miaka 40 baadaye.

Shauri hilo lilirejea mwaka 1964 likiwa na funzo la pili. Magari ya General Motors yalikuwa yametengenezwa kwa leseni ya mwenye hataza. Magari ya Ford ya miaka ya 1952 hadi 1954 yalitengenezwa bila leseni. Makubaliano yalifikiwa baadaye, mwaka 1955. Mahakama iliamua kwamba aliyenunua gari lililotengenezwa bila leseni hakuwa na haki ya kulikarabati paa lake, kwa kuwa hata kulitumia tu kulikuwa ni ukiukaji. Aliyemuuzia turubai angeweza kuwajibika ikiwa alijua kwamba paa hilo lina hataza na halina leseni. Turubai ni lilelile na kazi ya fundi ni ileile, ila hukumu ilitofautiana kwa sababu ya asili ya gari. Haki ya ukarabati, basi, huzaliwa na mauzo halali.

4.0 Katriji ya wino nchini Japani: shauri la Canon

Katriji ya wino huonekana kama chombo cha plastiki tu, lakini kazi yake ya kimakanika ni nyeti. Inapaswa kuuachilia wino kidogo kidogo printa inapouhitaji na kuuzuia usivuje wakati mwingine wote, hata katriji inaposafirishwa ikiwa imelala kiubavu au imepinduliwa. Hataza ya Canon iliyobishaniwa nchini Japani ilitatua tatizo hilo kwa kugawa tangi katika vyumba viwili vinavyowasiliana kupitia tundu. Kimoja kina wino mtupu. Kingine kina vifyonzaji viwili, kwa mfano wa sifongo, vilivyoshindiliwa kimoja dhidi ya kingine. Pale vinapogusana, nguvu ya kunyonya wino ni kubwa kuliko mahali pengine popote, hivyo ukanda huo hubaki umelowa na kuwa ukuta unaozuia hewa kuingia katika chumba cha wino.

Jambo la kuzingatiwa ni namna madai yalivyoandikwa. Madai hayakutaja vyumba na vifyonzaji pekee. Yalitaja pia kiasi cha wino, yaani wino ujazwe kiasi cha kuufanya ukanda huo ulowe wote, vyovyote katriji itakavyokaa. Wino, ambao kwa kawaida ni kitu cha kutumika na kuisha, uliingizwa kwa njia hiyo ndani ya uvumbuzi wenyewe.

Kampuni ya Recycle Assist iliingiza Japani katriji za Canon zilizokwisha kutumika na kujazwa upya nje ya nchi. Wajazaji walitoboa tundu, wakasafisha ndani ili kuondoa wino uliokauka, wakajaza wino na kuziba. Mahakama ya wilaya ya Tokyo iliona mwaka 2004 kwamba huo ni ukarabati. Mahakama ya rufaa ya haki za ubunifu ilitengua uamuzi huo mwaka 2006. Tarehe 8 Novemba 2007 Mahakama ya Juu ya Japani ilithibitisha ushindi wa Canon.

Kipimo cha Mahakama ya Juu kilikuwa hiki: je, bidhaa iliyofanyiwa kazi imepoteza utambulisho wake wa awali na kuwa bidhaa mpya? Ili kujibu, mahakama hutazama kwa jumla sifa za bidhaa, maudhui ya uvumbuzi, namna kazi ilivyofanywa na hali halisi ya biashara. Katika shauri hili, katriji haikuwa na tundu la kujazia, hivyo kuitoboa kulibadilisha umbo lake. La msingi zaidi, wino uliokauka kwenye vifyonzaji ulikuwa umeua uwezo wa ule ukanda kuzuia hewa. Kuosha na kujaza upya kuliurejesha uwezo huo, na uwezo huo ndio uliokuwa kiini cha uvumbuzi.

5.0 Katriji nchini Marekani: Hewlett-Packard na Lexmark

Marekani ilikuwa imeshika njia nyingine. Mwaka 1997, katika shauri la Hewlett-Packard dhidi ya Repeat-O-Type, mahakama ya rufaa inayoshughulikia mashauri ya hataza ilizungumzia katriji mpya zilizonunuliwa zikiwa zimejaa wino, zikabadilishwa kifuniko ili ziweze kujazwa upya, kisha zikauzwa. Katriji hizo hazikuwa zimeharibika, hivyo neno ukarabati halikuzifaa kwa maana yake ya kawaida. Hata hivyo, mahakama iliona kwamba kitendo hicho kinakaribiana na ukarabati kuliko uundaji upya, na kwamba matakwa ya muuzaji kuwa katriji itumike mara moja tu hayamfungi mnunuzi ikiwa hayakuwekwa katika mkataba.

Swali la mkataba lilijibiwa tarehe 30 Mei 2017 katika shauri la Impression Products dhidi ya Lexmark. Lexmark iliuza katriji za tona kwa njia mbili: kwa bei kamili bila sharti, au kwa punguzo la takribani asilimia 20 kwa mnunuzi aliyekubali kuitumia katriji mara moja na kutoirejesha kwa mwingine isipokuwa Lexmark. Chipu iliwekwa katika katriji za punguzo ili kuzuia matumizi ya pili. Wajazaji walizinunua tupu, wakaishinda chipu, wakajaza tona na kuziuza. Mahakama ya Juu, kupitia Jaji Mkuu Roberts, iliamua kwamba mauzo hukomesha haki zote za hataza juu ya kifaa, bila kujali sharti aliloliweka muuzaji na bila kujali kama mauzo yalifanyika ndani au nje ya Marekani. Jaji Ginsburg alipinga sehemu inayohusu mauzo ya nje. Sharti linaweza kudumu kama mkataba kati ya muuzaji na mnunuzi wake, lakini halimfuati mtu wa tatu kwa nguvu ya hataza.

Katika kueleza sababu, mahakama ilirudi kwenye magari. Ilitoa mfano wa karakana inayonunua magari yaliyotumika, kuyatengeneza na kuyauza. Biashara hiyo inawezekana kwa sababu karakana ina uhakika kwamba, ilimradi anayeleta gari ndiye mwenye mali, iko huru kulitengeneza na kuliuza tena. Kama kila mtengenezaji wa kipuri angeweza kuzifuata haki zake hadi karakana, biashara ingesimama. Kwa mfano huo, turubai la Aro na katriji ya Lexmark vilikutana katika hoja moja.

6.0 Ulinganisho

Mashauri haya hayafanani kwa kila kitu. Hataza zake zilikuwa tofauti na madai yake pia. Kwa hiyo si sahihi kusema kwa wepesi kwamba kujaza katriji ni halali Marekani na ni haramu Japani. Kinachoweza kulinganishwa kwa haki ni vipimo. Kipimo cha Aro kinauliza kama kifaa kizima kimekwisha, na kinakataa kutafuta sehemu iliyo moyo wa uvumbuzi. Kipimo cha Japani, miongoni mwa mambo mengine, kinaitafuta sehemu hiyohiyo na kuuliza kama kazi yake imerejeshwa.

Kila kipimo kina faida na hasara. Cha Aro ni chepesi kutabirika: fundi anaweza kujua mapema kwamba kubadilisha sehemu isiyo na hataza katika kifaa kilichouzwa kihalali kunaruhusiwa. Udhaifu wake ni kwamba haulindi sana uvumbuzi ambao thamani yake yote imo katika sehemu inayochakaa haraka. Cha Japani kinaulinda uvumbuzi wa namna hiyo, lakini humwachia fundi mzigo wa kusoma na kutafsiri madai kabla ya kushika zana. Aidha, kinampa mwandishi wa madai nguvu kubwa: akiingiza katika madai kitu kinachotumika na kuisha, anaweza kuufanya ujazaji wa kawaida uonekane kama uundaji wa kitu kipya.

7.0 Umuhimu wa suala hili kwa Afrika Mashariki

Bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupokea magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, na gereji za mijini huyafanyia kazi ya bodi, paa na viti. Vivyo hivyo, maduka ya huduma za uchapaji hujaza katriji za wino na tona badala ya kuzitupa. Je, maamuzi yaliyojadiliwa yanawagusa mafundi hawa?

Jibu la kwanza ni kwamba hataza ina mipaka ya nchi. Hataza iliyotolewa Japani au Marekani haina nguvu Kenya wala Tanzania, ila ikiwa uvumbuzi huo umesajiliwa pia katika nchi husika, moja kwa moja au kupitia shirika la kanda la ARIPO chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Pasipo usajili huo, ukarabati na hata uundaji upya haviwezi kuwa ukiukaji wa hataza ndani ya nchi, ingawa bidhaa hiyo ikiuzwa mahali ilikosajiliwa inaweza kuzuiwa huko.

Jibu la pili linahusu ukomo wa haki. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaiachia kila nchi uamuzi kuhusu jambo hili. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, katika kifungu cha 58, inasema kwamba haki za hataza hazienei kwenye bidhaa zilizowekwa sokoni Kenya au katika nchi nyingine yoyote, au kuingizwa Kenya, na mwenye hataza au kwa idhini yake ya wazi. Kwa hiyo gari lililouzwa na mwenye hataza huko Japani huwasili Mombasa likiwa limekwisha kuachwa huru.

Hata hivyo, kifungu cha namna hiyo hueleza haki hukoma wapi na kwa mauzo yapi. Hakielezi ukarabati huishia wapi. Mahakama itakayoletewa shauri la kujaza katriji italazimika kuchagua kipimo. Uchaguzi huo haupaswi kufanywa kwa kunakili uamuzi wa nchi moja, kwa kuwa Marekani na Japani zilipima kwa kuzingatia masoko ambamo mvumbuzi na mnunuzi wako karibu. Katika uchumi ambamo vifaa vingi huingia vikiwa vimetumika, na maisha ya kifaa hurefushwa na fundi, uhakika wa kisheria wa fundi una uzito mkubwa zaidi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mpaka kati ya ukarabati na uundaji upya hujengwa na maswali manne yanayofuatana. Kwanza, je, hataza ina nguvu katika nchi kazi inakofanyika au bidhaa inakouzwa? Pili, je, kifaa kiliuzwa mara ya kwanza na mwenye hataza au kwa idhini yake, tofauti na magari ya Ford katika shauri la Aro? Tatu, madai yametaja nini: turubai, fremu na kibanio pekee, au hata kiasi cha wino? Nne, mahakama ya nchi hiyo inapima uhai wa kifaa kizima au kurejeshwa kwa kiini cha uvumbuzi?

Maswali matatu ya kwanza yanaweza kujibiwa kwa kusoma hati na sheria. La nne linahitaji msimamo. Palipo na mashaka, kipimo kinachotazama kifaa kizima kinafaa zaidi kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa hakimnyimi mvumbuzi malipo ya kifaa alichokiuza, wala hakimlazimu fundi kuwa mwanasheria kabla ya kubadilisha turubai lililochanika au kujaza katriji iliyokauka. Mvumbuzi anayetaka sehemu fulani ilindwe kwa upekee wake anayo njia iliyo wazi: kuidai sehemu hiyo yenyewe katika hataza, na kuthibitisha kwamba nayo ni mpya.